Sitini na Watatu wa Somo la Pembeni

Weslaco, Texas
9 Machi 2019

Mheshimiwa Don Rosendo Quintanilla,

Kabla hujasoma mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Usimsomee mkeo barua hii, usimgusie padri hata kwenye kitubio, na ukishaimaliza usiiache mezani chini ya kikombe kama watu wanavyoziacha barua za benki. Neno moja likitoka nitafukuzwa kazi, na si mimi peke yangu nitakayeumia.

Hunijui. Mimi ni karani wa ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi, pale chuoni ulikofundisha. Nina umri wa miaka ishirini na mitatu, na kazini nina miezi kumi na minane. Sikuwahi kukaa darasani mwako. Nilisoma utawala wa ofisi, kwa sababu mama alisema kusoma somo lako la Mila na Maisha ya Walatino ni kulipa ada ili usimuliwe habari za bibi yako, na bibi yuko jikoni anazisimulia bure.

Somo lako linafungwa. Tarehe 6 Mei baraza la chuo litapiga kura. Kanuni inasema somo lolote la pembeni, lile mwanafunzi analolichukua kando ya shahada yake kuu, likitimiza miaka ishirini liwe limehitimisha watu wasiopungua hamsini. Karatasi iliyopelekwa juu inasema ishirini na wawili. Niliichapa mimi.

Wiki iliyopita alikuja dirishani jirani yetu, Evaristo Longoria Peña. Anaomba kazi ya ualimu San Antonio, na wanataka uthibitisho kwamba alisoma somo hilo. Nikatafuta, nikamwambia halipo. Akacheka, akasema, "Nere, acha utani. Basi nani alimkalisha bibi yangu wiki nzima akimwandika?" Nikamjibu kwamba kompyuta haina bibi. Akaacha kucheka.

Saa ya chakula nilishuka ghalani, zinakowekwa fomu za zamani, bila ruhusa. Fomu yake ipo, Don Rosendo. Imepangwa kwa jina la baba yake, kama tunavyopanga sisi Walatino, ambao kila mtu ana ukoo wa baba kisha wa mama. Lakini daftari la wahitimu limemchukua kwa jina la mwisho, la mama yake, kama wanavyopanga Wamarekani. Kwa hiyo yuko Longoria aliyesoma somo lako asihitimu, na yuko Peña aliyehitimu bila kulisoma. Nikatoa fomu nyingine kumi. Saba ni hivyo hivyo.

Je, unayo orodha yako mwenyewe? Tafadhali usiandike ofisini. Tumia anwani ya nyumbani iliyo nyuma ya bahasha.

Nereida Ozuna Leal

*

Roma, Texas
14 Machi 2019

Binti Nereida,

Mlango nimefunga. Mke wangu ameuliza kama nimepata mchumba. Nimemwambia ndiyo, ni karani, na ananiogopa kuliko anavyonipenda. Akarudi kwenye maharage yake. Siri yako iko salama.

Orodha sina. Nilipostaafu niliwaachia kila kitu, na kichwa changu cha miaka sabini na sita kimekuwa chujio. Lakini nikupe ufunguo. Hakuna mwanafunzi aliyepata sahihi yangu kabla ya kuleta ushuhuda: akae na mzee mmoja muda usiopungua saa nzima, aulize, kisha afunge mdomo wake na aandike maneno ya mzee yalivyotoka, bila kuyasahihisha. Ushuhuda ulibanwa nyuma ya fomu. Ukiuona, na chini yake sahihi ya wino wa kijani, huyo amemaliza. Basi wewe hesabu shuhuda, majina yaache.

Mwambie mama yako ana haki, bibi anasimulia bure. Ila amuulize ni lini mara ya mwisho mtu alimsikiliza mpaka mwisho.

Nami nina swali langu. Daftari hilo la wahitimu linaandikwa kwa mkono wa nani?

Rosendo Quintanilla

*

Weslaco
22 Machi 2019

Mheshimiwa Don Rosendo,

Nimefika arobaini na moja, na kabati moja bado. Nashuka kila siku kwa nusu saa, nikiwa na mkate mkononi ili mtu akinikuta nionekane nakula.

Nilikusudia kuhesabu tu. Sikuweza. Kuna mama mmoja wa mji wa Donna aliyevuna vitunguu huku mtoto wake amelazwa ndani ya kreti, kwenye kivuli cha lori. Alikuwa akiimba kwa sauti kubwa ili mtoto ajue mama yuko mstari gani. Anasema mpaka leo mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, akisikia mtu anaimba mbali hugeuza shingo.

Kuna mzee aliyekwenda Michigan kuchuma cheri kila kiangazi kwa miaka kumi na tisa. Njia nzima alichora ramani ya maduka: lipi litakuuzia maziwa, lipi litakufukuza, wapi mtoto ataruhusiwa kutumia choo. Aliinakili kwa penseli na kuwapa waliokuwa wanasafiri nyuma yake. Nakala moja imo jaladani. Nimeishika. Karatasi imekuwa laini kama kitambaa.

Huyo mzee namjua! Ndiye anayeuza barafu ya sharubati nje ya kanisa letu, na mama humsema kila Jumapili kwamba ni bahili wa sharubati. Juzi nilikwenda kununua. Akaniuliza, "Ukwaju au embe?" Nikabaki naitazama mikono yake. Akasema, "Binti, foleni ni ndefu, chagua, hii si ndoa." Watu wakanicheka. Nilichukua ukwaju, na mimi siupendi.

Nilidhani nafanya kazi katika ofisi ya karatasi. Kumbe kwa miezi kumi na minane nimekaa juu ya watu wazima wanaozungumza, na mimi nawagongea mihuri kichwani.

Kuhusu mkono ulioandika daftari, naomba usiniulize.

Nereida Ozuna Leal

*

Roma
27 Machi 2019

Binti Nereida,

Umekataa kunijibu, kwa hiyo nimeshajua. Ni yule bwana wa ghorofa ya tatu, aliyeniambia mwaka nilipoanzisha somo kwamba chuo si mahali pa kufundishia mapishi ya tamale. Nilikuwa namngoja miaka ishirini.

Nimeanza kuandika hotuba. Nitasimama mbele ya baraza niseme kuna mkono uliowakata watoto wetu vipande viwili, kipande kikawekwa kabati hili na kipande kabati lile, na mkono huo uliongozwa na dharau. Nitamtaja mwenye mkono kwa jina. Nataka unipigie picha ukurasa mmoja wa daftari hilo, wenye mwandiko unaosomeka.

Usiogope. Jina lako sitalitaja.

Rosendo Quintanilla

*

Weslaco
31 Machi 2019

Don Rosendo,

Nakuomba kwa jina la mama yako, usiisome hotuba hiyo.

Mkono ni wa Delfina Cavazos, mkuu wa ofisi yetu kwa miaka ishirini na sita. Ni mama yangu wa ubatizo. Ndiye aliyenishika juu ya maji, ndiye aliyenishonea gauni la sherehe ya kutimiza miaka kumi na mitano, ndiye aliyeniombea kazi hii. Unajua kwetu undugu wa namna hiyo ulivyo. Mama yangu amegombana na dada zake wote watatu, lakini na huyu hajawahi.

Agizo lipo ndani ya mlango wa kabati, kwa mwandiko wake: "Jina moja. La mwisho." Niliposoma hivyo nilimkasirikia kama wewe. Nikasema moyoni, naye pia anatuonea haya.

Kisha nikafikia ushuhuda wa arobaini na nne. Uliandikwa mwaka 2003 na binti wa mji wa Mercedes aitwaye Zulema. Mzee aliyehojiwa ametajwa kwa herufi tatu tu, D.T.C., karani, binti wa mshona matandiko ya farasi. Bonde hili lote lina mshona matandiko mmoja aliyekuwa na binti karani. Nanakili neno kwa neno:

"Nilikuwa na miaka saba. Mwalimu akaniuliza jina, nikamwambia Delfina Treviño Cavazos. Akasema, hapa kila mtoto ana jina moja la ukoo, wewe unachukua lipi? Darasa zima likageuka. Nikatazama mlangoni, mama alikuwa bado amesimama pale ameshika mkoba wangu. Nikasema Cavazos. Jioni baba aliniuliza nimejifunza nini. Nikamwambia nimejifunza kuhesabu mpaka kumi.

"Nilipopata kazi ya kuandika majina ya watoto wa watu, niliapa kwamba hakuna atakayesimamishwa mbele ya wenzake achague kati ya baba na mama. Nachagua mimi, kimya kimya, kabla hawajaulizwa. Nabakiza la mwisho, kwa kuwa ndilo wanalolitafuta Wamarekani. Watoto hawajui. Nimewaondolea swali lile."

Nilikuwa nasoma nimesimama. Nilipofika hapo nilikaa sakafuni na mkate wangu.

Miaka yote hii nilidhani ni mwanamke mkali anayependa mpangilio. Kumbe alikuwa anasimama mlangoni mwa kila mtoto, maelfu yao, akipokea yeye swali lile. Na kwa kufanya hivyo amelizika somo lile lile linaloeleza alichotendewa.

Anastaafu Agosti. Nikinyamaza, somo linakufa na Evaristo anabaki mwongo. Nikisema, yeye ndiye atakayesimamishwa mbele ya watu. Niambie la kufanya, maana mama siwezi kumuuliza.

Nereida

*

Roma
5 Aprili 2019

Mwanangu Nereida,

Hotuba nimeichana. Mke wangu ameniuliza kama mchumba ameniacha.

Ushuhuda ule naujua kwa moyo. Niliusoma darasani kila mwaka tangu Zulema aulete, miaka kumi na moja mfululizo, nikisema "mwanamke mmoja wa hapa Bondeni." Mara nyingine nilitoka humo maneno yale yakiwa bado masikioni mwangu, nikashuka ngazi, nikampita Bibi Cavazos akipanda na majalada, nikamsalimia kwa kichwa. Hatua mia mbili kutoka mlango wangu mpaka wake. Mimi niliyewafundisha watoto kuketi na wazee, sikuuliza hata siku moja D.T.C. ni nani.

Na kuna jambo jingine ambalo nimekaa nalo siku tatu. Fomu za masomo mengine yote zina namba ya mwanafunzi. Yangu haina. Waliniletea karatasi yenye kisanduku cha namba, nikakifuta kwa kalamu, nikatoa hotuba kwamba wanafunzi wangu si namba. Watu walipiga makofi. Kama ningeacha kile kisanduku, hakuna jina ambalo lingepotea, hata akate vipi.

Kwa hiyo siwezi kukufundisha ujasiri. Nakwambia tu kwamba barazani usiende kwanza. Nenda kwake. Mpelekee karatasi yake.

Rosendo

*

Weslaco
16 Aprili 2019

Don Rosendo,

Nilikwenda Ijumaa. Madrina, mama yangu wa ubatizo, alikuwa amepika capirotada, mkate mtamu wa Kwaresima, na kabla sijaketi akaanza kunisema kwamba nimekonda na kwamba mwanamume hatafuti ufito. Nikaweka jalada mezani kati ya sahani.

Alisoma mistari michache ya kwanza akiwa amesimama na kijiko mkononi. Akaniuliza nimeitoa wapi. Nikasema ghalani. Akauliza nani alinipa ruhusa. Nikasema hakuna.

"Mama yako alinihakikishia kwamba wewe ni mwoga," akasema.

"Ni mwoga, Madrina."

Nusura acheke. Nikaona nisipoanza hapo sitaanza tena, nikamweleza habari ya Evaristo, kura ya tarehe 6, wale ishirini na wawili wa kwenye karatasi, na sitini na watatu niliowakuta kwenye makabati. Akasema haiwezekani, katika maisha yake hajapoteza mtoto hata mmoja. Akaenda kuchukua miwani. Nikaanza kumsomea majina, nusu ya kabatini na nusu ya daftarini. La nne likamtosha, akainua mkono.

Kisha akaniuliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ni wangapi wamekuja dirishani wakaambiwa hawakusoma. Nikasema ninaowajua ni kumi na mmoja.

"Na uliwajibu wewe?"

"Mmoja, Madrina."

"Wale kumi ni mimi," akasema. "Niliwaambia warudi nyumbani wakakumbuke vizuri."

Hakulia. Alifunika chakula, akanipa cha kumpelekea mama, akaniambia niende. Jana hakuja kazini, na leo hakuja. Kwa miaka ishirini na sita hajawahi kukosa, hata mwaka wa kimbunga. Na jalada analo yeye. Kila mlango ukifunguliwa ofisini nafikiri wamekuja kunichukua. Mama ananiuliza kwa nini Madrina, comadre wake, hapokei simu, nami namwambia ni juma takatifu, anasali.

Nereida

*

Mercedes, Texas
24 Aprili 2019

Bwana Quintanilla,

Hatujawahi kuzungumza, ingawa tulipishana kwenye ngazi kwa miaka ishirini na moja.

Pamoja na barua hii kuna orodha ya waliomaliza somo lako. Ni sitini na wanne. Aliyenitangulia kuhesabu alimkosa mmoja, kwa kuwa fomu yake ilinasa nyuma ya droo. Nimeunganisha majina yote kwa mkono wangu, tangu Jumatatu ya juma takatifu hadi jana, hapa kwenye meza yangu ya jikoni. Ipo pia nakala ya barua niliyoliandikia baraza. Kosa langu nimeliandika bila pambo. Fomu yako haikuwa na namba. Nalo nimeliandika, kwa kuwa ni kweli.

Zulema aliwahi kuniambia kwamba unayasoma maneno yangu darasani na kwamba watoto hulia. Hukuja kuniuliza. Ungekuja, ningekwambia jambo ambalo yeye hakuliandika. Baba yangu alijua. Jioni ile alikuwa ameshafungua daftari langu akaona jina moja pale juu, na si lake. Akalifunga. Nilipomwambia nimejifunza kuhesabu mpaka kumi, alinikalisha juu ya tandiko alilokuwa akilishona, akasema, "Basi nihesabie." Nikamhesabia. Alinisikiliza mpaka kumi. Hatukulizungumza tena mpaka nilipomzika.

Binti yangu wa ubatizo hajui kwamba nakuandikia. Katika barua ya baraza nimesema niligundua mwenyewe. Huo ndio uongo pekee uliomo, nao nitauungama mimi.

Delfina Treviño Cavazos

*

Weslaco
8 Mei 2019

Don Rosendo,

Mkeo aliniambia kwa simu kwamba daktari amekukataza safari, na kwamba unamlaani daktari kwa lugha mbili. Basi nikueleze kila kitu, na barua hii unaweza kuisoma mlango ukiwa wazi.

Ukumbi ulikuwa nusu tupu. Madrina alivaa suti yake ya mazishi. Aliisoma barua yake yote kwa sauti ile ile anayosomea tarehe za mitihani. Alipofika mahali pa fomu yako na kisanduku cha namba, yule bwana wa ghorofa ya tatu aliandika kitu, nisamehe, ilibidi nikwambie. Alipomaliza, mwenyekiti akamuuliza kwa upole kabisa ni nani aliyemwagiza kukata majina.

"Mwalimu," akasema. "Mwaka 1960. Chumba cha nne kutoka mlangoni."

Mzee mmoja wa baraza, Mmarekani mwekundu wa uso ambaye sikuwahi kumwona akiinua macho kutoka kwenye makaratasi, alivua kofia yake ndani ya nyumba kana kwamba ndiyo kwanza amekumbuka anayo. Mwandishi wa kumbukumbu za mkutano aliacha kuandika. Madrina akamngoja. Alimngoja kama anavyotungoja sisi makarani, mpaka yule mwandishi akashika kalamu tena.

Mwenyekiti akauliza kosa liligunduliwaje. Madrina akasema aliligundua mwenyewe. Ndipo nikaona nimesimama. Nasema "nikaona" kwa sababu miguu haikuniuliza. Nikasema, "Si kweli, mheshimiwa. Nilishuka ghalani mara kumi na saba bila ruhusa, nikasoma majalada yasiyo yangu." Madrina akageuka akanitazama kwa jicho ambalo nikiwa mtoto lingenipeleka chini ya kitanda. Kisha akawageukia wao akasema, "Mtoto huyu ni mwoga. Akisema kitu, kimehakikiwa."

Somo halikufungwa, wala halikupona. Wamesema daftari letu sasa haliaminiki, nao wana haki. Kila mmoja wa wale sitini na wanne athibitishe mwenyewe kwa sahihi yake, kabla ya tarehe 30 Septemba, ndipo wapige kura. Mimi nimepewa onyo la maandishi, na siku hiyo hiyo nikapewa kazi ya kuwatafuta. Evaristo ametia sahihi jana. Mama ameshajua yote. Akaenda jikoni akavuta kiti karibu na bibi.

Wanafunzi wako bado wanakutembelea, wanakupigia simu, wanakualika arusini. Waambie wanitafute. Mlango wa mbele wa jengo la kumbukumbu umefungwa kwa ukarabati, kwa hiyo waingie kwa upande wa maegesho, washuke ngazi tisa. Dirisha la tatu ndilo langu. Nipo kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi, Ijumaa mpaka saa saba. Aliye mbali aandike kwa anwani ya ofisi, jina langu likiwa juu ya bahasha. Sasa hakuna anayezifungua barua zangu kabla yangu. Aliye kaskazini kwenye mavuno apige simu wakati wa mapumziko ya mchana, hata kama atakuwa na dakika tano tu. Aliyefariki, aje mtu wa nyumbani kwake. Wasilete cheti, cheti tunacho. Walete jina la mzee waliyekaa naye, nitashuka nimtafute.

Nikiwa ghalani, Doña Delfina atawapokea. Kustaafu kwake hakungoji tena Agosti, ni mwisho wa mwezi huu, lakini amesema Jumanne na Alhamisi ataendelea kuja, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Wasimwogope. Anauliza jina mara moja tu, na anaandika lote.

Nereida Ozuna Leal